Nchi Isiyo na Siku ya Kumi na Mbili

Hapakuwa na mtu milimani kwao aliyeijua Kaskazini kama Zamda Kihiyo, na sweta moja ndiyo nguo nzito aliyokuwa nayo. Miaka thelathini na moja alitunza maktaba ya mji, chumba kimoja chenye madirisha mawili na mchwa wasiokwisha. Wasomaji walipokosekana, yaani mara nyingi, alisoma habari za nchi za barafu: watu wa huko, sanamu zao za mifupa, vita vyao, ndoa zao, namna wanavyozika. Kitabu alichokipenda kuliko vyote ni kile cha msafiri Halvardi kuhusu siku kumi na moja alizokaa Uzizimo. Halvardi huyo uzeeni alihamia milimani kwao Zamda, akapima mashamba ya watu mpaka akafa, na sanduku lake la karatasi likabaki maktabani. Zamda alilipangusa vumbi kila Ijumaa na alijua kila kilichomo.

Alipostaafu akaenda Uzizimo. Safari yenyewe haina la kusimulia. Kulikuwa na baridi, ikazidi, kisha akafika.

Alifika majira ambayo jua la huko halizami, linazunguka tu pembeni mwa mbingu, na watu huhesabu siku kwa kengele. Langoni walisimama wanaume saba, wote wameshika tama. Zamda, kwa malezi aliyolelewa, akajua kuna msiba, akawapa pole mmoja mmoja. Hawakujibu. Akatoka mbele mtu mrefu, kitabu kimening'inia kifuani pake ndani ya mfuko wa ngozi. Huyo alikuwa Orvek, Msomaji Mkuu, na kazi yake ilikuwa kuiongoza nchi.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Ukurasa wa sita. Wanaume wa Uzizimo humpokea mgeni wameshika shavu la kushoto."

Zamda aliukumbuka ukurasa huo vizuri. Alikumbuka pia daftari la Halvardi lililokuwa sandukuni, mahali alipoandika kwamba yule mzee wa langoni ana jino bovu, maskini, na hakuna wa kuling'oa. Lakini si adabu mgeni kuanza na mambo ya meno.

"Umekuja siku njema," Orvek akaendelea. "Kesho tunaanza Siku ya Kwanza."

Hivyo ndivyo Zamda alivyoielewa nchi ile. Halvardi alikaa siku kumi na moja, na kila mwaka katika majira yaleyale Wazizimo waliziishi siku hizo kumi na moja kama alivyoziandika. Miezi iliyobaki waliita kungoja. Mtoto akizaliwa wakati wa kungoja, hakupewa jina mpaka Siku ya Pili, kwa sababu Siku ya Pili ndiyo Halvardi alipoona mtoto akipewa jina. Watoto wote wa mwaka walipangwa mstari siku hiyo, wengine wakiwa wanatambaa tayari, na wote wakapewa jina lilelile moja lililomo kitabuni; majina ya kuitana nyumbani hayakuhesabiwa.

Mwanzoni Zamda alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na sioni sababu ya kumcheka. Wewe nawe ungependa kitu miaka thelathini na moja halafu ukikute kinatembea. Alimwona mwenye mbwa mwekundu akigombana na jirani yake kwa maneno aliyoyajua kwa moyo. Aliwaona wanawake wakimwaga maji mara tatu kizingitini. Aliona soko likikaa kimya kabisa, kwa kuwa Halvardi aliandika, "Watu hawa hawaimbi."

Siku ya Tatu furaha ikaanza kumpungua. Alikuwa anapita kichochoroni akamwona msichana wa kama miaka ishirini ameteleza kwenye barafu, ameanguka na kapu lake, anajicheka mwenyewe. Kicheko kile hakikuwemo kitabuni. Watu waliokuwa wakija upande wake wakaendelea kuja, wakamkanyaga sketi, wakapita juu ya samaki zake. Hawakumkwepa wala kumkasirikia. Msichana akaacha kucheka, akarudi pale pale alipotelezea, akatembea tena polepole bila kuanguka. Ndipo mama mmoja akamsalimia.

Zamda alimuuliza Orvek. "Hapa hatuna jela," Orvek alimjibu kwa upole. "Afanyaye lisilosomeka haadhibiwi. Haonekani tu, mpaka alirudie lililo ukurasani."

"Na asipolirudia?"

"Basi haonekani."

Siku ya Tano ilimtisha zaidi. Katika nakala yao moja ya zamani, ile inayohesabiwa kuwa sahihi, mafuta ya taa yalimwagikia nusu ya ukurasa wa Siku ya Tano na hakuna awezaye kuusoma. Kwa hiyo kuanzia adhuhuri mji mzima ulitoka nje ukasimama barabarani, wanaume kwa wanawake, wakisogeza midomo bila kutoa neno na kunyoosha mikono kushika vitu visivyokuwepo. Walifanya hivyo mpaka kengele. Palikuwa na mtaalamu wa doa lile, mzee Tervo, aliyepita katikati yao akiwarekebisha vidole. Zamda alifunga mlango wa nyumba aliyopangiwa akakaa nyuma yake.

Mwenye nyumba hiyo aliitwa Aunak, mchongaji, mwanamke mzee kuliko wote mjini. Siku ya kwanza Zamda alimwamkia kwa mazoea, "Shikamoo, mama," na Aunak akashtuka.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Salamu ya kumpa mkubwa wako. Inajibiwa marahaba."

Aunak alichungulia dirishani kwanza. Kisha akasema "Marahaba" kwa sauti ndogo, akaonekana kuipenda, na kuanzia hapo kila kengele ilipolia alikaa kitako mlango umefungwa akingoja aamkiwe.

Wachongaji wa Uzizimo walichonga ndege wa mfupa mwenye bawa moja. Vitabu vya sanaa alivyosoma Zamda vilijaza kurasa kuhusu bawa hilo moja: kwamba ni roho ya mwanadamu iliyopungukiwa, kwamba ni upweke wa barafu. Sandukuni kulikuwa na mchoro wenyewe wa Halvardi. Alianzia mno kulia, karatasi ikamwishia kabla hajalifikia bawa la pili.

Siku ya Sita, baada ya Aunak kumaliza ndege wake wa sheria, alinyanyua ubao wa sakafu akatoa gunia. Lilijaa mabawa. Yalikuwa mamia, meupe na ya manjano, mengine madogo kama kucha, kila moja limechongwa likiinama upande ule usiochongwa.

"Kila nimalizapo ndege, mkono haukubali kusimama," alisema. "Lazima nimalizie. Hujawahi kuona kitu hiki."

"Sijawahi kuona kitu hiki," Zamda akasema, naye akalishika bawa moja, akaona vibaya kwamba miaka yote ile alikuwa amewafundisha watu habari za roho iliyopungukiwa.

Aunak akalirudisha gunia. "Siku ya Tisa nakwenda nalo."

Zamda alijua anakwenda wapi. Ukurasa wa mwisho wa Siku ya Tisa ndio uliokipa kitabu umaarufu wake: bibi kizee akatoka peke yake kuelekea barafuni, jamaa zake wakasimama ufukoni, hawakulia, naye hakurudi. *Hivyo ndivyo watu hawa wanavyowaaga wazee wao.* Kila mwaka bibi kizee kuliko wote ndiye aliyekwenda. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Aunak.

"Si lazima usirudi," Zamda alisema. "Nani atakuzuia? Nenda, zunguka kidogo, urudi."

Aunak alimtazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani. "Unadhani hawarudi? Mama yangu mkubwa alirudi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikuja mpaka mlango huo hapo, amebeba samaki, ananiita kwa jina. Nikaambiwa nitazame ukuta. Nikatazama ukuta. Alikaa kizingitini siku mbili akiita, kisha akanyanyuka akarudi huko." Aliurudisha ubao wa sakafu mahali pake. "Mimi sitaki kufa, mwanangu. Nakwambia wazi. Lakini barafu siiogopi kama ninavyoogopa kizingiti hicho."

Baadaye Zamda alikwenda ufukoni akatazama. Mbali juu ya barafu palisimama vitu, vya kijivu, vya kimo cha mtu, vimeelekea mjini. Kitabu kinasema ni mawe manne. Zamda alianza kuhesabu, akafika tisini, akaacha.

Sasa hapo ndipo alipopiga moyo konde. Siku ya Saba Wasomaji walikuwa na baraza, kwa sababu Halvardi alishuhudia baraza Siku ya Saba, na mgeni aliruhusiwa kusema kwa sababu Halvardi alisema. Zamda alisimama mbele ya Orvek na mzee Tervo na wenzao, akatoa kwenye bahasha karatasi moja ya manjano aliyoibeba kutoka nyumbani. Ilikuwa ya mwisho katika daftari la Halvardi. Akaisoma.

"*Siku ya kumi na mbili. Nimefunga mizigo. Yule bibi amerudi kutoka kwa dada yake ng'ambo ya barafu. Ameleta samaki, na ananicheka kwa kuwa nilidhani amekwenda kufa.*" Kisha akawaonyesha maneno ya pembeni, kwa wino mwingine: "*Mchapaji anasema kurasa zimejaa. Siku hii itolewe.*"

Wanaume walishika mashavu yao.

"Ni mwandiko wake," Tervo alisema hatimaye. "Lakini mwandiko si kitabu. Mtu huandika mengi kabla hajajua anachotaka kusema."

"Alisema alichokiona," Zamda akajibu. "Aliona mama wa watu amerudi na samaki."

"Samaki wa aina gani?" akauliza Msomaji mwingine, na kwa muda mrefu baraza likajadili samaki. Wengine walisema samaki asiyetajwa aina hawezi kuletwa. Wengine walisema analetwa ila haliwi.

Kijana mmoja wa nyuma, Msomaji mpya, akauliza kwa sauti iliyomponyoka, "Kama alirudi, sisi tumekuwa tukifanya nini miaka tisini na minne?"

Orvek alifungua kitabu, akatafuta, akakifunga. "Swali hilo halimo," alisema. Waliokaa karibu na kijana wakasogeza viti, na chai ilipopitishwa ilimruka.

Karatasi ikakataliwa. Lakini Orvek alimfuata Zamda nje, na alipoongea alipunguza sauti. Siku ya kumi na mbili, alisema, ni siku ngumu kwao. Kwa kuwa haina ukurasa, watu hukaa ndani, kitambaa usoni, hawali, hawasemi, mpaka ipite. Watoto wengine hupoteza fahamu. Tangu Halvardi hakuja mgeni mwingine. Na kwa mujibu wa kitabu, mgeni ni mtu aonaye na kuandika.

"Tuandikie siku moja," alisema. "Ukurasa mmoja, wa mambo uliyoyaona kweli. Ukiandika, tutaiishi."

Zamda alirudi nyumbani mbio kadiri miguu ya mwanamke wa miaka sitini iwezavyo. Alikuwa ameshapata neno. Angeandika *alirudi*, neno moja tu, angoje Siku ya Kumi na Mbili alishuhudie, na yote yangekwisha. Alimweleza Aunak huku anahema.

Aunak aliendelea kusugua mfupa kwa mchanga. "Na mwakani?"

"Mwakani nini?"

"Mwakani nikienda tena, maana Siku ya Tisa imo. Nitarudi tena. Na mwaka wa pili yake. Na nikishindwa kutembea watanibeba mpaka barafuni na kunirudisha, kwa kuwa umeandika. Wataniona mlangoni, ndiyo. Watamwona aliyeandikwa." Aliweka mfupa chini. "Mama mkubwa hakutaka kuandikwa. Alitaka nigeuze shingo."

Zamda alikaa na karatasi tupu siku nzima ya nane, kalamu mdomoni, na alipoinua macho aliona watu watatu dirishani wanamtazama, kila mmoja ameweka kijiti mdomoni, wanafanya mazoezi. Akaitoa kalamu mdomoni na kuishika kwa siri chini ya meza.

Siku ya Tisa mji ulishuka ufukoni. Hakuna aliyelia. Aunak alivaa koti lake la ngozi, gunia mgongoni, akaanza kuwapita jamaa zake waliopanga mstari wakitazama mbele. Alipomfikia Zamda, Zamda alishindwa kujizuia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na aliona jinsi macho ya watu yalivyoanza kumteleza, yakimpita kama pale aliposimama pana hewa.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya kusikika.

Aunak alisimama. Hili halikuwemo katika ukurasa wowote. Mstari mzima ulitazama theluji.

"Marahaba, mwanangu," Aunak akasema, kwa sauti kubwa zaidi, kisha akaingia barafuni. Mabawa yalisikika yakigongana guniani mpaka akawa mdogo, mpaka ikawa vigumu kumtofautisha na vile vitu vya kijivu.

Siku ya Kumi Zamda alimpelekea Orvek ukurasa. Orvek aliupokea kwa mikono miwili. Akausoma, akaugeuza nyuma, akausoma tena.

*Siku ya kumi na mbili sikuwepo. Sijui walifanya nini. Sijui nani alikuja wala nani alionekana. Waulizwe wenyewe.*

"Hii si siku," alisema.

"Ni siku. Ila si yangu."

"Watu watashika nini mikononi? Watatazama wapi?"

"Sijui. Sikuwepo."

"Upo," Orvek alisema. Kwa mara ya kwanza alionekana mwenye hasira. "Umesimama hapa. Umeandika uongo, na ukurasa wa uongo huchomwa."

"Kwa hiyo naondoka kesho, kabla ya kengele," Zamda alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe, roho ilimuuma. Alikuwa ametoka mbali kuliko mtu yeyote wa kwao, na miaka thelathini na moja aliisoma Siku ya Tisa akitamani kujua kilichofuata. Angeweza kukijua kwa kungoja siku moja tu. Kungoja huko kungeufanya ukurasa majivu, na nani ajuaye Aunak angeita siku ngapi kizingitini.

Orvek alikuwa anautazama ukurasa bado. "Mama yangu alikwenda mwaka juzi," alisema taratibu. "Akija mlangoni, nitafanya nini?"

"Sikuwepo, Orvek," Zamda akamjibu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu, kwa sababu alitamani sana kumwambia.

Aliondoka Siku ya Kumi na Moja. Katika kitabu siku hiyo mgeni huagwa na wanaume walioshika mashavu, nao walikuja langoni, wakashika mashavu. Mmoja, yule kijana Msomaji aliyerukwa na chai, aliushusha mkono wake, akautazama kama aliyeuokota njiani, akaupandisha tena. Orvek hakuja.

Njia ya kurudi ilipanda kilima, na kutoka huko mji wote huonekana, na ufuko, na barafu. Zamda alipanda bila kugeuka. Alikuwa amefika karibu na kilele kengele ilipolia chini, ya Siku ya Kumi na Mbili. Baada yake pakawa kimya kirefu, kile cha watu waliofunikwa vitambaa. Kisha akasikia mlango mmoja ukifunguliwa. Mlango wa pili ulichelewa sana.

Halafu mtu akaimba.

Ilikuwa sauti nyembamba, isiyojua kuimba, inayotafuta njia. Zamda alisimama. Hakuweza kutambua kama inatoka mjini au inatoka barafuni. Sauti nyingine ikaitikia kutoka mahali tofauti, nayo kwa umbali ule ilisikika ya mtu mzee sana, ama ya upepo. Kisha zikawa nyingi. Shingo yake yote ilitaka kugeuka.

Aliivuta sweta akajifunika nayo masikio, akaibana kwa mikono miwili, akakipita kile kilima akilia kwa sauti, kwa maana alitaka mno kujua ni sauti ngapi.